Pikapu Iliyonyamaza Njiani Kwenda Njukini

Kwa nyote mlionipigia simu, mlionisimamisha nje ya kanisa, na yule aliyeegesha boda katikati ya barabara ili aniulize vizuri: ndiyo, nilifika Njukini. Kuhusu vifaranga, subirini. Kila nikianza kusimulia naanzia katikati, halafu mtu ananikatiza kuuliza nyembe zilitoka wapi na Wekesa ni nani, na mimi nikikatizwa napoteza kila kitu. Kwa hivyo nimeandika yote, tangu mwanzo.

Voi, kabla ya kutoka

Pikapu ni ya marehemu babu. Ilikaa kijijini Marungu chini ya turubai tangu tulipomzika, na mwaka jana mama akaniambia nikiweza kuiamsha ni yangu. Mimi si fundi wa kusomea. Nimejifunza kwa video za simu na kwa kufungua vitu ambavyo havikuwa na haja ya kufunguliwa. Nikafaulu kuiamsha, nikaileta Voi, na tangu siku hiyo sikulala vizuri, kwa sababu ilikuwa inalia.

Tik-tik-tik-tik. Kama cherehani chumba cha pili. Mtu mwingine asingeisikia. Mimi nilikuwa naisikia hata injini ikiwa imezimwa.

Nilianza kwa kuogopa biringi za chini, kwa sababu hizo zikianza kugonga, injini imekwisha. Lakini biringi hugonga kwa sauti nzito, ngo-ngo-ngo, na hugonga zaidi gari likibeba mzigo. Hii ilikuwa nyepesi na ilitoka juu. Nilichukua bisibisi ndefu, nikaweka ncha kwenye chuma cha injini na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, nikawa nasogea hatua kwa hatua kama daktari na mgonjwa. Nikaipata: ni tapeti, vile vyuma vidogo vinavyosukuma vali kufunguka na kufungika. Kati ya tapeti na vali huachwa nafasi ndogo sana, na hiyo nafasi ndiyo inayolia.

Nikafungua kifuniko, nikapima kwa geji, nikaweka nafasi kama kitabu kinavyotaka. Sauti ikapungua, haikwisha. Hapo mtu wa kawaida angefunga na kwenda kula. Mimi nikakaza kidogo tena. Nikasikiliza. Nikakaza kidogo tena. Jioni injini ilikuwa imenyamaza kabisa, na nilimwita mama atoke jikoni aje asikilize kimya.

"Sisikii kitu," akasema.

"Ndiyo hiyo!"

Akarudi kwenye ugali wake.

Wiki hiyohiyo mama mdogo Wakesho akapiga simu. Huyu ni mdogo wake mama, ameolewa Njukini, na ndiye ambaye kikundi chao cha wanawake kilimtuma Voi kuchukua vifaranga wa siku moja. Alikuwa ameshatumwa mara moja kabla ya hapo. Vifaranga wale aliwaweka kwenye buti ya gari la abiria, kwa sababu ndivyo kondakta alivyomwambia, na walipofungua maboksi kule Taveta karibu wote walikuwa wamekufa kwa joto. Hakuna aliyemtukana. Waliacha tu kumpa la kufanya. Kwenye mikutano walimwambia apumzike, wengine watapika chai.

"Nimeomba nipewe nafasi moja tu tena," akaniambia. "Gari lako liko sawa?"

Nikamwambia gari langu halitoi hata sauti.

Voi hadi Mwatate

Tulipanga kutoka alfajiri kukiwa na baridi. Lori la vifaranga kutoka Mombasa likachelewa, na dereva akaeleza sababu ambayo hadi leo sijaielewa, ndani yake kulikuwa na shemeji na pancha. Tulipomaliza kufunga maboksi nyuma ya pikapu, chini ya kivuli cha turubai nilichokuwa nimepima na kupima tena, jua lilikuwa limeshapanda.

Kama hamjawahi kusafiri na vifaranga mamia, nisikieni: hawanyamazi. Ni kama mvua juu ya mabati, lakini nyembamba. Nilitaka kuisikiliza injini yangu kimya kimya, nikashindwa. Mama mdogo alikuwa amefungua dirisha dogo la nyuma ya kiti, sikio moja huko.

"Wako sawa?" nikamuuliza.

"Wanaongea vizuri."

"Unajuaje?"

"Wakisikia baridi wanalia kwa ukali, kama mtoto aliyeachwa. Hawa wanapiga tu porojo."

Mwatate tulisimama kunywa chai, kwa sababu mama mdogo hakuwa amekula tangu jana yake. Tuliegesha kivulini. Mwenye hoteli, mama mnene mwenye kicheko, aliposikia sauti kutoka nyuma alitoka na sufuria mkononi.

"Umeniletea kuku?"

"Hawa bado ni mayai yenye miguu," mama mdogo akamjibu, na wakacheka mpaka chai ikapoa. Tulikula mbaazi na mahamri. Mama mdogo alikuwa amebeba na kimanga, ule muhogo uliopondwa na maharage, kwenye kontena, akampa mwenye hoteli aonje, naye akasema imezidi muhogo, na hapo pakawa na mabishano marefu ambayo mimi niliyavumilia kwa mateso, nikiangalia kivuli kikisogea mbali na maboksi.   Nilienda nje kusogeza gari.

Lilipowaka, lilitetemeka. Kidogo tu. Nikajiambia ni usukani.

Mwatate hadi mahali pasipo na jina, mbele ya Bura

Barabara hupanda taratibu kuelekea Bura, huku milima ikiwa upande wa kulia. Nilianza kuona kwamba nakanyaga mafuta zaidi na zaidi kupata mwendo uleule. Malori yalitupita. Kisha tukapitwa na lori la mchanga. Mama mdogo akaligeukia, akanigeukia mimi.

Tulipopita Bura na nchi kufunguka, miti ikiwa midogo na reli ya zamani ikifuatana nasi pembeni, pikapu ikaanza kukohoa. Puf, nyuma kwenye eksosi. Puf. Ikapungua, ikatetemeka kama mtu aliyetoka mtoni, ikafa.

Naona aibu kusema nilichofanya kwanza. Sikwenda kuangalia vifaranga. Nilifungua boneti, nikaweka bisibisi sikioni kwenye injini iliyozimwa, nikasikiliza.

"Mwakio," mama mdogo akaniita. "Mwanangu. Jua."

Hakukuwa na kivuli hata cha kumfaa mbuzi. Joto lilikuwa linapanda kutoka kwenye lami kama kutoka kwenye chungu. Ndipo alipotokea mtu mkubwa, akisukuma baiskeli kando ya tuta la reli, kofia imefifia mpaka haijulikani ilikuwa rangi gani. Huyo ndiye Wekesa. Alituambia baadaye kwamba alitoka Bungoma kijana, akaja kufanya kazi kwenye mkonge, na siku hiyo alikuwa anakwenda kumwona shemeji yake Maktau.

"Habari zenu. Gari imechoka?"

"Imechoka, baba," mama mdogo akasema.

Akasikiliza. Uso wake wote ukabadilika. "Mama. Hao ni kuku?"

"Ni vifaranga."

"Na mmemleta Mluhya karibu nao kwa kupenda kwenu." Akaegesha baiskeli. "Msiogope. Siwaangalii kwa jicho la chakula, ni wadogo sana. Nawaangalia kwa jicho la Desemba, wakishakua."

Mama mdogo alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Mwatate. Na Wekesa hapohapo akatuonyesha kitu ambacho mimi, na macho yangu yote ya kuhakiki, sikukiona: chini ya tuta la reli kulikuwa na kalvati la kupitishia maji, tupu na kavu, upepo ukipita ndani yake. Vijana wawili wa boda waliokuwa wamesimama kututazama wakasaidia kubeba. Tukayapanga maboksi humo, moja moja, kwenye ubaridi, na Wekesa akaketi mlangoni kama bawabu.

Kisha vijana wakaja juu kunisaidia, na hapo ndipo mateso yangu yalipoanza rasmi, kwa sababu Kenya nzima ni mafundi.

"Hiyo ni plagi, buda."

"Plagi gani? Ni petroli. Umeweka petroli wapi?"

"Kabureta hiyo. Pigapiga kidogo kwa jiwe."

"Ni biringi," akasema Wekesa kutoka chini, ambaye hata hakuwa anaiona injini.

Neno hilo biringi lilinimaliza. Nikakaa kwenye bampa. Nilikuwa nimeshaona kila kitu: injini imekufa, vifaranga wamekufa, mama mdogo anaambiwa apumzike mpaka uzeeni, na yote ni kazi ya mikono yangu.

Ndipo mama mdogo aliponiita kutoka kwenye kalvati, na sauti yake haikuwa ya kawaida. "Mwakio, njoo. Boksi hili limenyamaza."

Nilishuka tuta nikiteleza. Lilikuwa boksi lililokaa kona ya pikapu, upande wa jua. Alipofungua, vifaranga walikuwa wamekaa mbawa zikiwa wazi, midomo wazi, wakihema bila sauti yoyote. Wengine wachache walikuwa wamelala na hawakuamka. Mama mdogo hakulia. Alichukua chupa ya maji, akachovya kidole, akawa anadondoshea mdomo mmoja baada ya mwingine, haraka lakini bila pupa, na kumwonyesha Wekesa jinsi ya kufanya kwa vidole vyake vinene.

"Wakipiga kelele mimi nalala," akasema bila kuinua kichwa. "Wakinyamaza naruka. Mara ile kwenye buti nilifurahi. Nilisema, hawa watulivu, safari imewakubali."

 Nilipanda tena juu kwa sababu sikuweza kuendelea kutazama, na nilipofika kwenye injini nilikuwa bado nasikia alichosema. Kimya. Nilifurahia kimya. Nilimwita mama atoke jikoni.

Nilichukua kipande cha karatasi ya kutandikia boksi. Nikamwomba kijana mmoja wa boda ajaribu kuiwasha, nami nikashika karatasi mbele ya mdomo wa eksosi. Injini isiyo na hitilafu inatakiwa isukume karatasi nje, puf puf puf, bila kusita. Yangu ilisukuma, ikasukuma, kisha ikaivuta karatasi ndani, ikaibandika kwenye bomba. Ikasukuma. Ikavuta tena. Vali haikuwa inafunga.

Niwaeleze, halafu nitanyamaza kuhusu ufundi. Ile nafasi ndogo kwenye tapeti haiko pale kwa bahati mbaya. Chuma kikipata joto kinarefuka. Nafasi ile ni mahali pake pa kurefukia. Mimi nilikuwa nimeiondoa, kwa subira nyingi, ili nisisikie tik-tik, na injini ilipopata moto kupanda Bura, vali zikarefuka na hazikuwa na pa kwenda, zikabaki wazi kidogo, na nguvu yote ikawa inavuja. Sikuwa nimeitibu injini. Nilikuwa nimeiziba mdomo.

Nilirudi kalvati nikawaambia. Nilisema yote, mbele ya Wekesa na mbele ya vijana.

"Kwa hivyo ni mbovu kwa sababu uliitengeneza," kijana mmoja akasema.

"Ndiyo."

"Noma sana."

"Sasa itengeneze tena," mama mdogo akasema. "Lakini kidogo."

Hapohapo

Nimepaandikia mahali hapa kichwa chake, ingawa hatukusogea, kwa sababu ilikuwa safari.

Geji yangu ya kupimia nafasi ilikuwa nyumbani Voi. Nilikuwa nimeiosha, nikaipaka mafuta, nikaiweka dirishani juu ya kitambaa safi ikauke. Pia kitabu kinataka injini ipoe kabisa kwanza, na injini ile isingepoa kabla ya jioni. Nikajua kwamba ningeweza kusubiri na kufanya kazi nzuri, au kufanya kazi ya hovyo sasa hivi. Hata kuandika sentensi hii kunanipa jasho.

Nilimwona mama mdogo akikata kamba ya boksi kwa wembe. Wembe. Nilikuwa nimewahi kuona mahali kwamba wembe wa kawaida una unene uleule karibu kila mahali duniani, kwa hivyo unaweza kupimia kama geji.

"Mama mdogo, unazo nyembe ngapi?"

"Huu mmoja."

"Mimi ninazo," Wekesa akasema, akatoa pakiti mfukoni. "Wikendi nawanyoa watu kule kambini. Unataka kunyoa gari?"

Nyembe mbili pamoja kwa vali za kuingiza hewa, nyembe tatu kwa zile za kutoa moshi. Nilizivunja zile kingo ili zisinikate, nikazipaka mafuta, nikafungua kifuniko. Ili kuzungusha injini, kila vali ifike zamu yake, nilihitaji gari lisukumwe likiwa kwenye gia, kidogo sana, kisha lisimame.

"Sogeza," nikasema. Wekesa na vijana wakasukuma. "Simama! Simama!"

Wamepita.

"Rudi kidogo."

Wamepita upande wa pili.

"Kijana," Wekesa akapiga kelele kutoka nyuma, "hii ni gari ama ni punda?"

Mara ya tatu ndipo tulipoelewana: mimi nikiinua mkono, yeye anaweka mgongo wake wote kwenye gari kama mlango. Chuma kilikuwa cha moto, nimeungua vidole viwili, bado mnaona alama. Kila nilipokaza nati nyembe zilivutwa, nikaanza upya. Ilipofika vali ya mwisho nilikuwa nimeirudia mpaka vijana wameketi chini. Mama mdogo alikuja akasimama karibu yangu.

"Iko sawa?"

"Sijui."

"Hujui kabisa? Au hujui kama unavyopenda kujua?"

Nikafikiri. "Hiyo ya pili."

"Basi funga. Wanangu wana joto."

Nikafunga.

Iliwaka mara ya kwanza. Na ikalia. Tik-tik-tik-tik-tik, kwa sauti kubwa kuliko siku zote, kama kapu zima la vijiko. Wale vijana wa boda wakatazamana.

"Buda, pole," mmoja akasema. "Sasa ndiyo umeiua kabisa."

Nilishika karatasi kwenye eksosi. Ilisukumwa nje, ikasukumwa nje, ikasukumwa nje. Niliganda pale nikiwa nimechuchumaa nyuma ya pikapu, karatasi mkononi, machozi yananitoka, na Wekesa akadhani nimevuta moshi mwingi.

Wekesa hakutaka malipo. Vijana pia walikataa, wakasema wameshapata stori ya wiki nzima. Tulirudisha maboksi garini, tukampakia Wekesa na baiskeli yake nyuma, kando ya maboksi, na alipanda kwa furaha ambayo sijawahi kuona kwa abiria yeyote.

Maktau hadi Taveta

Wekesa alishuka Maktau. Aliweka mkono kwenye boksi la juu, akaliaga kama mtu anayeaga watoto wa ndugu yake, na mama mdogo akamwahidi jogoo. "Wa Desemba," akasema. "Wa Desemba," akaitikia, akaenda.

Baada ya hapo barabara inapita katikati ya mbuga, na tulisimama kusubiri ndovu wavuke. Walituchelewesha kweli, lakini mawingu yalikuwa yameingia na kulikuwa na upepo. Nyuma vifaranga walikuwa wanapiga kelele. Mbele injini ilikuwa inapiga kelele. Mama mdogo alikuwa amefunga macho.

"Umelala?"

"Nikisikia hivyo vyote viwili, kwa nini nisilale?"

Karibu na Taveta sauti mpya ikaanza. Ko. Ko. Ko-ko-ko. Nzito.  Nikaegesha, nikatoka, nikainama chini ya gari, mama mdogo akaamka akauliza tumefika. Lilikuwa jiwe limenasa kwenye meno ya tairi. Nililing'oa kwa bisibisi. Ninalo bado, liko kwenye dashibodi.

Taveta sokoni tulinunua ndizi, tukala tukiwa tumesimama, kwa sababu tuliogopa kukaa.

Njukini

Kikundi kilikuwa kinangoja nyumbani kwa mwenyekiti wao, Mama Lucy, wote wamevaa leso za kufanana. Jiko la makaa lilikuwa limewashwa ndani ya kibanda cha vifaranga, maranda yametandazwa, maji ya glukosi yako kwenye sahani. Tulipoegesha walisimama. Waliitazama pikapu inavyolia, wakamtazama mama mdogo.

Alifungua boksi la kwanza yeye mwenyewe. Kelele ikatoka.

Kazi yao inafanywa hivi: kila kifaranga anashikwa kwa mkono, mdomo wake unachovywa kwenye maji, anameza, ndipo anaachiliwa kwenye joto, kwa sababu wa siku moja hajui maji ni nini mpaka aonyeshwe. Wanawake waliketi duara wakaanza. Mama mdogo alibaki amesimama pembeni na mikono yake mbele, kama mgeni, na nikajua anangoja kuambiwa apumzike.

Tulipofika kwenye lile boksi la kona, Mama Lucy alitoa wale waliokufa, akawaweka kando kwenye gazeti. Walikuwa wachache. Mimi nilikuwa nimeshawahesabu njiani mara nyingi. Nilifungua mdomo kueleza kwamba kosa ni langu, tapeti ni zangu.

"Hawa wachache hata kwenye ndege wangekufa," Mama Lucy akasema. Kisha, bila kuinua macho: "Wakesho, mbona umesimama? Vifaranga watajinywesha wenyewe? Kaa hapa. Na wewe kijana, nawa mikono."

Mama mdogo akaketi. Nilinawa kwa sabuni, grisi haikutoka yote, nikapewa wa kwanza. Alikuwa na uzito wa kitambaa. Nikamchovya mdomo, akameza, akanitukana.

Kurudi

Nilirudi siku iliyofuata, peke yangu, pikapu ikilia njia nzima, na mbele ya Bura nilipiga honi kwenye lile kalvati.

Nyumbani geji ilikuwa bado dirishani, safi, kwenye kitambaa chake. Injini ilipopoa nilifungua kifuniko nikapima kazi ya nyembe. Vali mbili zilikuwa zimelegea kuliko inavyotakiwa, nyingine zilikuwa sawasawa. Nikarekebisha zile mbili, kama kitabu kinavyosema, na nikafunga. Bado inalia kidogo. Mkono wangu ulienda kwenye spana. Nikaenda kula.

Sasa kila asubuhi mama mdogo ananipigia. Hasalimii. Anaingiza simu kwenye kibanda, nami nasikia ile mvua nyembamba ya sauti, porojo yao, na mwanamke mwingine kwa mbali akimwita Wakesho, maji yako wapi. Kisha anarudi.

"Na yako? Inalia?"

Natoka nje, nawasha pikapu, nasogeza simu karibu na injini.

"Inalia," namwambia.

"Haya. Salama basi," anasema, na anakata.